Sera yangu ya usalama wa mtandao ilishindwa na saa ya mkononi

JiweLaZiwani #1

Wakuu salaam.

Nimepitia nyuzi nyingi humu za vijana wanaotaka kuingia kwenye usalama wa mtandao. Karibu zote ni kudukua, vyeti na mishahara ya dola. Kazi ninayoifanya mimi sijaona mtu akiigusa. Leo Jumamosi, mvua imeshika tangu alfajiri, radi zinapiga upande wa Capri Point kama zinadai deni, umeme umeshakatika mara mbili. Sina pa kwenda, acha niandike.

Nipo Mwanza, taasisi moja ya umma yenye vituo kanda ya ziwa. Jina sitaji. Wapelelezi bahatisheni, sitakubali wala kukataa. Niliajiriwa Afisa TEHAMA Daraja la II miaka 11 iliyopita, leo ni mwandamizi, na dawati langu ni sera na mipango ya usalama wa mtandao. Yaani naandika sera, miongozo na taratibu, natunza rejesta ya vihatarishi upande wa mifumo, naandaa mpango wa kujikwamua na majanga, halafu naviombea fedha vyote hivyo. Hilo la mwisho ndilo linalokula maisha.

Kudukua sijui. Najua kunavyofanyika, lakini ukiniwekea kompyuta mbele ukaniambia "ingia pale", tutaaibika wote wawili. Silaha yangu ni dokezo. Naandika kurasa mbili, jalada linapanda ngazi, linakaa siku tisa, linarudi na neno moja pembeni: "Tuongee".

Sasa kisa. Tulipitisha sera mpya, kurasa 64, kazi ya mikono yangu. Humo kulikuwa na kifungu kwamba kompyuta yoyote isipoguswa dakika tano ijifunge, na kuingia tena ni nywila pamoja na namba ya siri inayotumwa kwenye simu ya mhusika. Kifungu safi kabisa. Kamati ikapitisha bila swali, wa ukaguzi wakanipa mkono.

Miezi saba baadaye nikaenda kukagua utekelezaji kwenye kituo cha visiwani. Nimeshuka melini, nimefika kaunta, foleni ya watu kama ishirini, wavuvi na akina mama waliotoka kwenye dagaa, harufu mnaijua. Karani ni mama mmoja mtu mzima, anahudumia bila papara. Ikafika mahali akainuka kwenda kutafuta faili chumba cha pili, kompyuta kaiacha wazi. Nikasema moyoni sasa tuone. Nikaanza kuhesabu. Dakika tano. Nane. Kumi na mbili. Haijifungi.

Nikainama. Mausi (nikisema kipanya wazee wa Mwanza watadhani daladala) imekalishwa juu ya saa ya mkononi. Saa ya mishale, ya kiume, mkanda umekatika upande mmoja. Mshale wa sekunde unapita chini ya ile taa nyekundu ya mausi, kishale kwenye skrini kinatikisika kidogo, kompyuta inaamini kuna mtu kazini.

Aliporudi nikamuuliza kwa sauti ya kiofisi hii ni nini. Hakushtuka hata. "Baba, ile namba ya kwenye simu huku inafika baada ya dakika ishirini, siku nyingine haifiki. Ikijifunga mara sita kwa siku hawa watu watalala hapa." Akagonga muhuri wa mtu mmoja, akaniangalia tena. "Kwani nani aliandika hilo sharti?"

Nikasema mimi.

"Ulikuja lini huku kabla hujaliandika?"

Sikuwahi kwenda.

Nitaendelea, nachemsha chai kabla umeme haujaondoka tena.

dagaa_kauzu #2

Nimeweka kigoda mbele kabisa. Endelea mkuu.

NyegeziKona #3

Saa ya mkononi 😂😂 Mama kamfunga mtaalamu goli la kisigino.

Mzee wa Kejeli #4

Kwa hiyo tunalipa kodi mtu anakopi sera ya wazungu, anaibandika nembo ya taifa, anakula posho ya kujikimu kwenda kisiwani kushangaa saa. Endeleeni tu.

JiweLaZiwani #5

Mzee wa Kejeli, nusu ya maneno yako nayapokea. Kile kifungu nilikinakili karibu kama kilivyo. Siyo dhambi kunakili, viwango vya kimataifa vipo ili visomwe. ISO 27001, kile kiwango cha usalama wa taarifa, toleo la 2022 lina vidhibiti (yaani hatua za kujilinda) 93, toleo la 2013 lilikuwa na 114, na sidhani kuna haja ya kila taasisi kukaa chini kubuni vyake. Dhambi yangu ni kwamba nilinakili bila kuuliza simu inashika mtandao wapi.

Kuna jambo sijawaambia, na ndilo baya zaidi. Akaunti aliyokuwa anaitumia yule mama haikuwa yake. Ilikuwa ya kijana aliyehamishwa kutoka kituo hicho miezi mitano nyuma. Kwa nini? Kwa sababu fomu ya kuomba akaunti mpya ilidai sahihi tatu: mkuu wa kituo, mkuu wa idara, na mkurugenzi ambaye yuko makao makuu. Fomu yake nilikuja kuikuta masijala, imelala chini ya mialiko ya semina. Sahihi mbili zipo. Ya tatu inasubiri.

Fikirieni vizuri hapo. Sera inasema kugawana akaunti ni kosa la kinidhamu. Sera hiyohiyo imeweka mlango mwembamba kiasi kwamba mtu anayetaka kuwahudumia wananchi kesho asubuhi hana njia isipokuwa kugawana. Siku pesa ikipotea pale, kumbukumbu za mfumo zitaonyesha jina la kijana aliyeko mkoa mwingine kabisa. Tundu lilikuwa kubwa, na nililichimba mimi, tena kwa Kiswahili fasaha.

mtoto_wa_Igoma #6

Mkuu mimi nipo mwaka wa tatu chuo, nasoma mambo ya kompyuta. Hiyo kazi mtu anaipataje? Tangazo la "mtu wa sera za usalama wa mtandao" sijawahi kuliona Ajira Portal.

Mkaguzi wa Kando #7

Nafanya ukaguzi wa ndani, siyo kwako, ila nakijua unachokiongelea. Naomba nitetee fani yangu kidogo. Mkaguzi hapimi kama sera ni nzuri, anapima kama mnafanya mlichoandika. Ukiandika dakika tano, nitapima dakika tano. Ukiandika nywila ibadilishwe kila siku 90, nikikuta ya siku 200 hiyo ni hoja. Sasa swali langu, na nataka jibu la wazi: ile saa uliiandika kwenye ripoti?

JiweLaZiwani #8

Mkaguzi, nilijua utauliza. Niliandika hivi: "Kifungu cha kujifunga kwa kompyuta hakitekelezeki katika vituo visivyo na mtandao wa simu wa uhakika, na watumishi wamebuni njia ya kukikwepa." Saa sikuitaja. Jina la mama sikulitaja.

Na hiyo ya siku 90 ngoja niiseme, kwa sababu tumegombana nayo sana ofisini. Taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ndiyo iliyosaidia dunia nzima kuzoea nywila zenye herufi za ajabu na kubadilisha kila baada ya muda. Mwaka 2017 walitoa mwongozo mpya wakasema msiwalazimishe watu kubadilisha nywila kwa kalenda, badilisheni pale kuna dalili kwamba imevuja. Sababu yake hata bila utafiti unaiona: mtu akilazimishwa kila miezi mitatu anaweka Sangara1, Sangara2, Sangara3. Siku moja nilipita idara moja kabla ya watu kufika, nikaangalia chini ya kibodi tisa. Nywila sita zimeandikwa. Moja ilikuwa Mwanza2019, na huo mwaka ulishapita kitambo.

Tumeiondoa siku 90. Badala yake tunataka nywila ndefu, sentensi kabisa ukitaka, hata ya Kisukuma. Ilichukua madokezo manne na vikao viwili, kwa sababu kila mtu alikuwa anaogopa kuonekana amelegeza.

Mkaguzi wa Kando #9

Nywila nakubali. Saa sikubali. Ulichokiona ulitakiwa kukiandika kama ulivyokiona. Leo umemficha mama mwema, kesho utamficha mwizi, na mimi nitakayesoma ripoti yako nitawatofautishaje?

JiweLaZiwani #10

Sina jibu zuri kwa hilo. Ningetaja saa, hatua ya kwanza ingekuwa barua ya kujieleza kwa yule mama, na kifungu kingebaki. Nimeshaona mara nyingi, karani anaandikiwa barua, karatasi iliyomtega haiguswi. Lakini hoja yako nimeisikia.

Bi Mhasibu #11

Naombeni tuje kwenye pesa. Sisi wa fedha tunawaona nyie TEHAMA kila mwaka mnakuja na vitu vya milioni kadhaa, ukiuliza vinafanya nini unaambiwa "kulinda". Kulinda nini? Kasma ya matumizi mengineyo ni ndogo, kuna mafuta, kuna umeme, kuna likizo za watumishi. Mkuu unaombaje hizo fedha mpaka unapewa?

JiweLaZiwani #12

Bi Mhasibu, hapa umenigusa penyewe, nitaandika mrefu.

Mwaka wa fedha unaanza 1 Julai. Maana yake kama jambo langu halijaingia kwenye mpango mapema, mwongozo wa bajeti ukitoka na ukomo wa matumizi ukitangazwa, nimeshachelewa. Miaka mitatu ya mwanzo nilichelewa yote mitatu. Mwaka wa nne nikajipanga, nikaandaa wasilisho la kutisha. Nikawaletea Costa Rica: mwaka 2022 kundi la wahalifu linaloitwa Conti liliingia wizara ya fedha ya kule, mifumo ya kodi na forodha ikasimama, Mei rais akatangaza hali ya dharura, na kabla mwezi haujaisha kundi jingine likapiga mfuko wa hifadhi ya jamii, hospitali zikarudi kwenye karatasi. Nchi nzima! Nikamaliza, ukumbi kimya. Nikajua nimepita.

Mwenyekiti akasema: "Ahsante kwa wasilisho. Costa Rica ni mbali. Tuendelee na ajenda ya tano, matairi."

Naapa. Matairi.

Mwaka uliofuata nikaacha kutisha watu. Nikachukua karatasi moja, nikapita kwa kila mkuu wa idara ofisini kwake, na maswali mawili tu. Mfumo wako ukizimika, mnaweza kukaa saa ngapi bila huo mfumo kabla mambo hayajaharibika? Na ukiwaka tena, mko tayari kupoteza kazi ya saa ngapi zilizopita? Akijibu namwomba aandike kwa mkono wake na aweke sahihi. Ukiwa na majibu hayo una kila kitu. Aliyesema saa mbili anahitaji seva ya akiba iliyo tayari, ambayo ni ghali. Aliyesema siku tatu anahitaji bakapu ya usiku, yaani nakala ya akiba, na mtu wa kuirudisha. Hapo hata wewe wa fedha unaona kwa nini huyu apewe nyingi na yule kidogo, maana wamejipangia wenyewe.

Mkuu mmoja wa idara aliandika siku tatu. Kwa kujiamini. "Sisi tulifanya kazi kwa madaftari miaka yote," akasema.

Ikaja ile Jumapili, 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zikakatika. Mnakumbuka, nchi nzima intaneti ikawa inatambaa. Jumatatu asubuhi mfumo haufunguki vituoni, wananchi wamejaa. Saa nne na robo simu yangu ikaita. Ni yule wa siku tatu.

"Kijana, ile karatasi yangu bado unayo?"

"Ninayo mzee."

"Naomba niirekebishe."

Akafuta siku tatu, akaweka muda wa saa nne. Hakuna mdukuzi yeyote aliyehusika siku ile, ni waya tu huko baharini, lakini bajeti yangu ilipita mwaka huo kuliko miaka yote. Tulichogundua pia ni kwamba madaftari anayoyasema hayapo. Vitabu vya stakabadhi za mkono vilishasahaulika, fomu za karatasi hakuna hata nakala moja ya kutolea kopi, na vijana walioajiriwa karibuni hawajawahi kuhudumia mtu bila mfumo. Siku hizi mpango wetu wa majanga una boksi. Boksi halisi, la bati, kila kituo: fomu, kalamu, orodha ya namba za simu iliyochapwa, na maelezo ya ukurasa mmoja. Mara mbili kwa mwaka tunazima mfumo saa moja makusudi na kufungua boksi. Mara ya kwanza kituo kimoja walikuwa wamefungia humo sukari.

dagaa_kauzu #13

Sukari 😂😂😂 Hilo boksi limepata kazi.

Odhis wa Kisumu #14

Jirani zenu hapa ng'ambo ya ziwa tunawasoma. Sisi Julai 2023 eCitizen, ile tovuti ya huduma za serikali, ilishambuliwa, kundi lilijiita Anonymous Sudan. Serikali ilikuwa imetoka tu kuhamishia maelfu ya huduma hapo. Watu wa tiketi za treni wakakwama, tokeni za stima zikawa shida, wageni wa viza wakaanza kupewa wakifika. Serikali ilisema data haikuibiwa, na naamini, kwa sababu ile haikuwa ya kuiba. Ni kufurika tu, unaletewa maombi mengi ya uongo mpaka wa kweli hawapiti. Swali langu kwa Jiwe: ukiweka huduma zote kwenye mlango mmoja, si ndiyo umemrahisishia mtu?

JiweLaZiwani #15

Odhis karibu. Ndiyo na hapana. Milango mia yenye kufuli mbovu siyo salama kuliko mmoja wenye kufuli nzuri, na wataalamu wa kulinda milango mia hatuna. Ila ukiweka mlango mmoja lazima uwe umeamua mapema mtu ataingilia wapi ukifungwa. Ile ya kuwapa wageni viza wanapofika ndiyo mfano. Sijui kama jambo hilo lilikuwa limeandikwa kabla au walilibuni siku hiyo. Kazi yangu ni kuhakikisha limeandikwa kabla.

Na msidhani huku tumelala. Kwenye kipimo cha usalama wa mtandao cha Shirika la Mawasiliano Duniani (ITU) cha 2024 Tanzania ipo kundi la kwanza, pamoja na Kenya na Rwanda. Wakubwa wanapenda kuitaja hiyo. Mimi naipenda pia, lakini kipimo kinaangalia nchi: sheria zipo, kituo cha kushughulikia matukio kipo, mkakati upo. Hakifiki kwenye kaunta ya kisiwani.

Mzee wa Kejeli #16

Sheria zenyewe ni za kukamata watu wanaoandika mitandaoni. Usalama gani huo.

JiweLaZiwani #17

Mzee, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 imejadiliwa humu mpaka imechakaa, sitaianzisha tena. Mimi ninazoamka nazo ni nyingine mbili. Sheria ya Serikali Mtandao ya 2019, ambayo ndiyo inaipa Mamlaka ya Serikali Mtandao nguvu ya kuziwekea taasisi viwango. Na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023. Hiyo ya pili wewe kama mwananchi inakulinda dhidi ya watu kama mimi. Taasisi inayokusanya taarifa zako inatakiwa isajiliwe kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iwe na afisa wa kulinda taarifa, ichukue ile tu inayohitajika kwa kazi husika.

Mfano mdogo. Fomu yetu moja ilikuwa inamdai mvuvi namba ya NIDA, simu, kabila, dini na jina la mwenyekiti wa mtaa, kwa huduma inayohitaji NIDA na simu tu. Niliuliza kabila la nini. Hakuna aliyejua. Fomu ilirithiwa kutoka fomu nyingine. Tumefuta vitatu. Kitu usichokuwa nacho hakiibiwi.

KaraniMstaafu #18

Nimestaafu baada ya miaka 30 kaunta. Nataka kumwambia Jiwe kitu. Tulikuwa tunawaogopa nyie wa TEHAMA kuliko mkurugenzi. Mkurugenzi akija anauliza hali ya kazi. Nyie mkija mnauliza nani kafanya hivi. Ndiyo maana siku moja nilipigiwa simu na mtu akajitambulisha ni wa TEHAMA makao makuu, akataka namba iliyoingia kwenye simu yangu "ili arekebishe mfumo", nikamsomea tarakimu zote sita. Sikuwa mjinga. Niliogopa kumkatalia mtu wa makao makuu. Nilikuja kushtuka jioni, na sikumwambia mtu siku mbili kwa hofu ya barua.

JiweLaZiwani #19

Mama shikamoo, (kama ni baba shikamoo pia). Post yako nitaichapa niibandike ukutani, jina lako sitaliweka.

Hizo siku mbili ndizo zinazotuua. Mtu akiniambia ndani ya dakika kumi, naifunga akaunti, tunabadilisha nywila, imeisha. Akikaa siku mbili mwizi ameshatembea nyumba nzima. Kwenye sera mpya nimeingiza sentensi moja niliyoipigania kuliko zote: mtumishi anayetoa taarifa mwenyewe, mapema, hatachukuliwa hatua za kinidhamu kwa sababu ya kudanganywa. Mwanasheria aliirudisha mara tatu. Alitaka "anaweza asichukuliwe". Nikamwambia ukiweka "anaweza" karani atasoma "atachukuliwa".

Na kwa wote: hakuna mtu wa TEHAMA, wa benki wala wa kampuni ya simu anayehitaji umsomee namba ya siri. Hata mimi. Namba za matapeli za "ile hela tuma kwenye namba hii" zitume kwenda 15040, ni bure.

mtoto_wa_Igoma #20

Mkuu umenisahau huku chini. Na ile saa iliishaje?

JiweLaZiwani #21

Sijakusahau kijana, chai ilipoa nikachemsha nyingine.

Tangazo lenye jina hilo hutaliona kwa sababu unaajiriwa Afisa TEHAMA kama wengine, halafu unajikuta huku kwa sababu wewe ndiye unayeweza kuandika. Sema kweli, darasani kwenu ni wangapi wanaweza kuandika ukurasa mmoja wa Kiswahili ambao mkuu wa kituo ataumaliza? Anza hapo. Soma sheria zenyewe, siyo muhtasari wa mtu. Soma mwongozo wa NIST wa usalama wa mtandao (siyo ule wa nywila, huu unaitwa Cybersecurity Framework), toleo la pili la Februari 2024, wameongeza nguzo ya sita, ya utawala, na ukiisoma utaona hawaongelei kompyuta kabisa, wanaongelea nani anawajibika. Mitandao na seva uzijue pia, wale vijana wa chumba cha seva wakigundua hujui kitu hawatakuambia ukweli tena. Cheti utakipata baadaye. Na usiogope usaili, mimi niliulizwa tofauti ya hatari na kihatarishi nikatokwa jasho.

Saa sasa. Nilirudi na meli ya kesho yake, nikaifungua ile sera upya. Kurasa 64 zimebaki 11. Fomu ya akaunti ni ukurasa mmoja, sahihi moja ya mkuu wa kituo, makao makuu wanaarifiwa, wakiwa na pingamizi walilete wao. Siku moja unapata akaunti. Upande wa kufunga akaunti za zamani ndio tulizembea: kila mwezi utumishi wanatakiwa watuletee orodha ya waliohama na waliostaafu, na wanachelewa. Juzi tumekuta akaunti ya mzee aliyestaafu inaingia kwenye mfumo kila Jumatatu. Bado tunachunguza, kwa hiyo niishie hapo.

Namba ya siri kwa ujumbe wa simu tumeiondoa kwenye vituo vyenye mtandao mbovu. Wamepewa vifaa vidogo vya kuning'iniza kwenye funguo, unabonyeza kinakupa tarakimu sita, havihitaji mtandao wala simu janja. Dakika tano zimekuwa kumi na tano kwa kaunta zilizo ndani ya chumba kinachofungwa, na tano zimebaki palepale kwa kompyuta zilizo mahali watu wanapita. Ilibidi nikazione moja moja kwanza, ndiyo sababu mwaka ule nilisafiri sana, Mzee wa Kejeli, na posho nilikula.

Nilipopeleka vile vifaa kisiwani yule mama alikijaribu mara tatu, akakifunga kwenye kanga. Saa ilikuwa haipo chini ya mausi. Ilikuwa mkononi kwake, ameshonea mkanda mpya. Ni ya marehemu mumewe, aliniambia, haijawahi kukosea hata dakika. Kisha akaniuliza kama kile kifaa changu na chenyewe kina betri, na ikiisha nani atailipia. Nimeiingiza kwenye bajeti ya mwaka huu. Jalada limerudi Alhamisi. "Tuongee."

Bi Mhasibu #22

Leta hilo dokezo kwa mhasibu wako ukiwa na ile karatasi ya saa ngapi. Usiende na Costa Rica.

NyegeziKona #23

Wakuu nimejaribu hapa nyumbani. Saa ya ukutani inagoma, mausi inateleza kwenye kioo. Nikachukua ya mkononi ya mzee. Dakika ishirini na tano sasa, kompyuta ipo macho. Naomba Jiwe asije akahamishiwa ofisini kwetu.